Picha za mavazi ya boho yenye kazi ya haki: rangi, ufukwe, mafundi na malipo

PwaniPicha aliuliza:

Habari za humu wakuu. Natoka kwenye picha za harusi na mikutano, sasa nataka kuhamia kwenye mavazi, hasa hizi chapa ndogo za Dar na Unguja zinazoshona kwa mtindo wa boho: magauni marefu ya pamba isiyopaushwa, vitambaa vilivyotiwa rangi za mimea, mashati ya kikoi, shanga, kanga zilizogeuzwa kuwa koti. Zinajitangaza kuwa zinawalipa mafundi wao vizuri na hazitumii kemikali kali.

Vifaa: kamera ya sensa kubwa, lenzi ya mm 50 na ya mm 85, flashi moja, rifleka (ubao wa kurudisha mwanga) ya sentimita 110.

Ninapokwama: nguo za nili (rangi ya bluu ya mmea) zinatoka zambarau kwenye picha, na pamba ghafi inaonekana kama imechafuka. Mteja wa kwanza anataka Paje, ufukweni, nguo 20 kwa siku moja. Anataka pia picha za mafundi kiwandani. Kuhusu malipo, mmoja anasema atanilipa kwa nguo, mwingine anataka "haki zote milele". Naomba majibu yenye vipimo.

FundiRangi alijibu:

Karibu mkuu. Naanza na rangi, maana katika soko hili rangi ndiyo bidhaa yenyewe. Mtu anayelipia gauni lililochovywa kwa mkono anailipia ile bluu, na akipokea bluu nyingine atalirudisha. Gharama ya kurudisha mzigo kutoka Ulaya humeza faida yote ya chapa ndogo, na wewe hutaitwa tena.

Nili hurudisha mwanga mwingi wa upande wa wekundu wa mwisho na infraredi (mwanga ulio nje ya wekundu). Jicho haliuoni au linauona kidogo sana, lakini sensa hunasa sehemu yake na kuusoma kama wekundu. Wekundu juu ya bluu ndiyo zambarau yako. Kubadili mizani ya weupe (mpangilio wa kamera unaofanya nyeupe ionekane nyeupe) peke yake hakutibu, kwa sababu ngozi na mchanga navyo vitahama. Nunua chati ya rangi ya visanduku 24 (ColorChecker inatosha), ipige picha kila mwanga unapobadilika, tengeneza profaili ya kamera (faili la kusahihisha rangi) kutokana nayo, halafu chukua mizani ya weupe kwenye kisanduku cha kijivu. Kama zambarau bado imebaki, isogeze kuelekea bluu kwa kuchagua eneo la nguo hiyo tu. Fanya hivyo nguo yenyewe ikiwa mezani pembeni ya skrini, chini ya taa ya kelvini 5000 yenye CRI (kipimo cha taa kuonyesha rangi kwa usahihi) ya 95 au zaidi. Ndiyo maana ni lazima ukae na sampuli mpaka uhariri uishe. Iandike kwenye mkataba, maana wenye chapa hupenda kuzichukua jioni ile ile.

Pamba ghafi haijachafuka. Vitambaa vyeupe vya viwandani hutiwa king'arishi kinachomeza miale ya UV na kutoa mwanga wa bluu, ndiyo maana shuka jipya linang'aa. Pamba isiyopaushwa haina kitu hicho. Ukiitundika mbele ya shuka nyeupe na kuipiga flashi tupu, shuka linawaka bluu na gauni linaonekana la njano kwa kulinganishwa. Wengi hapo hulipausha gauni kwenye kompyuta, na kosa linakuwa baya zaidi: mteja anatangaza pamba ghafi huku picha inaonyesha pamba iliyopaushwa. Badilisha kilicho nyuma. Mita 4 za kitambaa cha marekani, ukuta wa chokaa wa zamani, jamvi, mbao zisizopakwa rangi, vyote vinafaa. Flashi ipitishe kwenye kitambaa cha kusambaza mwanga au kichujio cha kukata UV. Zima taa za dari, kwa sababu mwanga wa dirisha na wa LED ya bei rahisi vikikutana juu ya nguo moja hakuna profaili itakayokuokoa.

Rangi ya manjano, ile ya mzizi wa jikoni, hufifia upesi kwenye jua. Usiitundike nje ikisubiri zamu. Ikae ndani ya mfuko wa kitambaa mpaka dakika ya kuvaliwa. Ikigusana na sabuni ya kufulia au magadi hugeuka nyekundu, kwa hiyo doa lisisuguliwe kwa sabuni katikati ya kazi. Nili nayo, hasa mpya, huachia kwenye ngozi na kwenye nguo nyingine. Mpangilio salama ni pamba ghafi kwanza, kisha manjano, kisha kahawia ya gome la mkoko, nili mwisho.

Piga kwa RAW (faili ghafi la kamera), hariri kwa biti 16, toa sRGB (mfumo wa rangi wa skrini za kawaida) kwa ajili ya tovuti. Manjano kali na nili nzito mara nyingi huzidi uwezo wa sRGB, na ukitoa bila kuangalia unapata bapa la rangi lisilo na nyuzi. Angalia histogramu (grafu ya mwanga) ya kila rangi peke yake. Ikigonga ukuta, punguza ukali wa rangi hiyo mpaka msuko uonekane tena. Skrini ipimwe kwa kifaa kila mwezi, mwangaza kati ya 100 na 120 cd/m².

BahariKavu alijibu:

Nguo 20 ufukweni kwa siku moja hazipatikani kwa ubora, mwambie mteja mapema. Huku kwetu karibu na ikweta jua hupanda kama nyuzi 15 kwa saa. Mwanga wa dhahabu unaukamata kwa dakika 25 hivi baada ya jua kuchomoza, na kufikia saa mbili na nusu asubuhi modo ameshakunja macho na vivuli vimeingia kwenye matundu ya macho. Una saa mbili za kazi. Dakika 15 kwa kila vazi, maana yake mavazi 8. Zilizobaki zipigwe kivulini kama katalogi, chini ya makuti au barazani. Kwenye mwanga usiobadilika mtu mmoja na msaidizi wanafikisha nguo 30 kwa siku.

Paje iko pwani ya mashariki. Jua linatoka baharini na jioni linazama nyuma ya minazi, hivyo ufukwe unaingia kivulini kabla ya magharibi. Kama mteja anataka jua likizama juu ya maji, peleka kazi Kendwa, upande wa kaskazini-magharibi. Usimwahidi vyote viwili Paje.

Halafu maji. Wakati wa bamvua (maji makubwa) tofauti kati ya kujaa na kupwa kwa Unguja hufika kama mita 4, na Paje bahari hurudi nyuma mamia ya mita na kuacha mchanga wenye majani na madimbwi. Inaweza kuwa nzuri sana kwa gauni refu, ila kama mteja amechora kichwani maji ya bluu nyuma ya modo utaonekana umemkosea. Angalia jedwali la maji kabla ya kukata tiketi ya boti, na kumbuka saa za kujaa husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo kuahirisha siku tatu ni karibu saa mbili na nusu za tofauti. Maji yakipwa utaona pia vigingi na kamba za mwani. Hayo ni mashamba ya kina mama. Usikanyage, na usimgeuze mama aliyeinama kazini kuwa pambo la nyuma ya modo. Ukimtaka kwenye picha, muulize na umlipe kama unavyomlipa modo.

Mchanga mweupe hudanganya kipima mwanga: kamera inapunguza mwanga na uso mweusi unazama. Pima kwenye shavu kwa kipimo cha nukta, au ongeza stopu 0.7 hadi 1 (stopu moja ni mwanga mara mbili) kisha uhakikishe pamba ghafi haijaungua. Mchanga pia hurusha mwanga kutoka chini, unajaza chini ya kidevu na uso unakuwa bapa. Tandika jamvi la kahawia la mita 2 mbele ya modo, nje ya fremu, halafu weka rifleka yako juu kidogo, ubavuni. Kwa ngozi inayong'aa kwa jasho, kichujio cha polaraizi hupunguza mng'ao kwa gharama ya stopu 1 hadi 2. Kigeuze taratibu na usimalize mng'ao wote, ngozi ikikosa mwanga kabisa inaonekana kama imepakwa vumbi.

Gauni la boho huishi kwa upepo. Uje ubavuni, ukitoka nyuma ya modo, nyuma linamganda mwilini na mbele linapeperuka kama hema. Kugandisha pindo ni kasi ya shata ya 1/1000 ya sekunde. Kama unataka kitambaa kitiririke huku uso umetulia, shuka hadi 1/60, modo azungushe kiuno tu, na uwe na kichujio cha ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) cha stopu 3 ukiwa juani. Lenzi ya 85 iache kwenye tundu la f/4. Watu hupenda f/1.8 ufukweni, lakini umeitwa uonyeshe msuko na mshono, na f/1.8 inavifuta.

Nguo ikiguswa na maji ya chumvi isuuzwe kwa maji baridi siku hiyo hiyo na kuanikwa kivulini. Kubalianeni kwa maandishi ni sampuli ipi itaingia majini na hasara ni ya nani. Mafuta ya jua yapakwe nusu saa kabla, na modo avishwe na mtu mwenye mikono mikavu.

Mwisho, kijiji ni cha watu. Pita kwa sheha, kiongozi wa eneo, ueleze mnachofanya. Modo akitembea kutoka eneo hadi eneo ajifunge kanga. Ramadhani msipange kazi ya mavazi mepesi mchana mbele za watu.

DotiNaPindo alijibu:

Nakubaliana na waliotangulia, isipokuwa kwenye baraza na kuta za chokaa nasisitiza ruhusa ya mwenye nyumba. Mji Mkongwe umejaa watu waliochoka kukuta mlango wao kwenye tangazo la mtu.

Kuhusu kanga. Kanga ina pindo, mji na jina. Ukikata fremu, usikate jina katikati. Usigeuze picha kama kwenye kioo ili modo atazame upande mwingine. Maandishi yatasomeka kinyume na kila Mswahili ataona. Na usome jina kabla ya kumvika mtu. Koti lenye "Sina siri nina jibu" mgongoni lina sauti yake, na "Wema hauozi" ina nyingine kabisa. Mwenye chapa anayeuza nje huenda amechagua kwa rangi tu, kwa hiyo mwambie. Pia kanga na kitenge huchapwa kwa mashine viwandani, kwa hiyo maelezo ya picha yasiseme "kitambaa cha mikono" pale ambapo mikono ilifanya ushonaji tu. Ukiwa na shaka kama kitenge ni pamba, omba uzi mmoja uuchome mbali na nguo: pamba inanuka karatasi na kuacha jivu laini, polista inayeyuka na kuacha tone gumu.

Mtindo wa boho tangu ile picha ya mwigizaji Talitha Getty iliyopigwa na Patrick Lichfield darini Marrakesh, Morocco, mwaka 1969 umekuwa ukiazima mavazi ya watu wengine na kuyafanya mandhari ya safari. Ukipiga shanga za Kimaasai juu ya gauni la pamba, uliza zimetoka kwa nani na kama waliozitengeneza wametajwa. Ushanga wa Kimaasai si pambo tupu, rangi na umbo husema kitu kuhusu umri na hadhi ya mvaaji. Wamaasai wenyewe wameanzisha Maasai Intellectual Property Initiative kudai haki juu ya jina na michoro yao, hivyo hili si jambo la adabu tu, linaweza kumgharimu mteja wako.

Sasa mafundi, na hapa ndipo kazi nyingi za "maadili" huharibika. Fundi anayelipwa kwa kipande hupoteza kipato kila dakika anayosimama kwa ajili yako. Muulize mwenye chapa nani atafidia saa hizo, na upate jibu kabla ya kutoa kamera kwenye begi. Ruhusa usiombe mbele ya bosi. Nani atasema hapana akiwa anatazamwa na anayemlipa? Zungumza na kila mtu peke yake, kwa Kiswahili, msomee fomu kwa sauti: picha itatumika wapi, kwa muda gani, jina lake litaandikwa au la, analipwa kiasi gani, na ampigie nani akitaka itolewe. Akikataa, kazi yake inaendelea kama kawaida. Nakala moja abaki nayo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina ya 2019. Uso wa mtu unaotambulika pamoja na jina lake ni taarifa binafsi.

Usimkalishe mtu kwenye mtambo wa kufumia ambao si wake. Usimwambie avue viatu. Na tafadhali, acheni kupiga mikono tu. Mikono mizuri inayofuma imekuwa njia ya kumtoa mtu kwenye picha ya kazi yake. Piga mkono, piga na uso, piga na chumba chote ili mnunuzi aone madirisha, feni na viti wanavyokalia.

Kiufundi: simama upande ambao dirisha linampiga fundi ubavuni, ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) 1600 hadi 3200, shata 1/100. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na shata nje ya 1/50 au 1/100 inaweza kukupa mistari ya giza na ya rangi. Flashi iache nyumbani, inasumbua na inafuta mazingira.

HesabuKwanza alijibu:

Kaka, chapa inayotangaza malipo ya haki inapaswa kumlipa haki na mpiga picha, modo, mpambaji na aliyebeba rifleka. Hilo nalisema moja kwa moja kwa mteja, na wenye nia njema huelewa.

Bei yako itoke kwenye hesabu, si kwenye kusikia jirani anatoza ngapi. Mfano: kama kamera na lenzi ziligharimu shilingi milioni 6 na utazitumia miezi 36, ni kama 167,000 kwa mwezi. Ongeza pango, bando, umeme, programu, bima, nauli na matengenezo. Tuseme jumla inafika 1,500,000. Weka kipato chako, tuseme 1,500,000 nyingine. Jumla ni milioni 3. Kila siku ya kupiga huzaa takriban siku mbili za kuhariri na kuwasiliana, na kuna siku za kutafuta wateja, kwa hiyo hesabu siku 6 za kupiga kwa mwezi. Unapata 500,000 kwa siku kabla ya kodi, na kabla ya boti, malazi, modo na mpambaji, ambavyo vinaandikwa mistari yake peke yake.

Malipo kwa nguo nakubali sehemu ndogo tu, isiyozidi robo, ikithaminiwa kwa bei ya jumla na kuandikwa kwenye ankara. Mwenye nyumba hapokei gauni.

Haki: tenganisha ada ya kazi na leseni ya matumizi. Ndani ya ada toa tovuti yao na mitandao yao kwa miezi 12. Mabango, matangazo ya kulipia, vifungashio na kupewa duka la nje liuze kwa picha zako, kila kimoja kina bei yake. Anayetaka "zote milele" mpe bei ya zote milele, angalau mara mbili ya ada, na ubakize haki ya kuonyesha kazi yako pamoja na kutajwa jina. Ukifanya kazi Kenya uwe mwangalifu zaidi: chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza kama mkataba hausemi vingine. Kukaa kimya kunakupotezea. Nusu ya fedha kabla ya kuvuka, nusu kabla ya kukabidhi faili kubwa. Ruhusa za mafundi na modo ziambatane na leseni: kama fundi alikubali miaka miwili, huwezi kumuuzia mteja milele.

PwaniPicha aliandika:

Asanteni sana, nimepanga upya na mteja: mavazi 8 Paje, mengine barazani. Maswali mawili tu. Mashati ya kikoi yenye mistari midogo yanatoa mawimbi ya rangi kwenye skrini. Na mteja anataka maelezo ya picha yaseme "rafiki wa mazingira, asilia 100%". Niandike?

FundiRangi alijibu:

Hiyo ni muare: msuko unagongana na mpangilio wa pikseli, hasa kwenye sensa isiyo na kichujio cha kulainisha. Kuza picha hadi 100% kwanza, kwa sababu wakati mwingine ni skrini tu na inatoweka. Kama ipo kweli, sogea nusu hatua mbele au nyuma, au geuza modo nyuzi 10. Ukubwa wa mistari kwenye sensa ukibadilika, mawimbi huondoka. Ikigoma, funga hadi f/16, mtawanyiko wa mwanga utalainisha kidogo. Brashi ya kuondoa muare kwenye programu iwe ya mwisho, maana kwenye kikoi inafuta pia rangi halisi ya mistari. Na kwa picha ndogo za tovuti, punguza ukubwa kwa hatua mbili na unoe mwishoni kabisa, vinginevyo unaizalisha upya.

DotiNaPindo alijibu:

Usiandike mpaka aonyeshe msingi. Kama anasema pamba hai ("organic"), omba nambari ya cheti cha GOTS, kiwango cha kimataifa cha nguo za nyuzi hai, uitafute kwenye orodha yao ya wazi. GOTS inataka angalau 70% ya nyuzi ziwe hai, na lebo ya daraja la juu ni 95%. Pamba hai hulimwa hapa, Meatu kwa mfano, lakini pamba kutoka Tanzania haiwi hai kwa sababu ya mahali tu. Na "asilia 100%" imekufa pale uzi wa kushonea ukiwa polista, jambo la kawaida sana.

Kama anauza Uingereza, mamlaka ya ushindani, CMA, ilitoa mwongozo wa madai ya kijani mwaka 2021 na Machi 2024 ikazibana kampuni za nguo za ASOS, Boohoo na George ya Asda kwa ahadi rasmi kuhusu madai yao. Umoja wa Ulaya una Maagizo 2024/825, yanayotumika kuanzia Septemba 27, 2026, yanayokataza maneno ya jumla kama "rafiki wa mazingira" bila uthibitisho. Mpendekezee aandike anachoweza kukionyesha: "Gauni la pamba isiyopaushwa, uzi wa polista, rangi ya gome la mkoko, limeshonwa Unguja," na jina la aliyelishona kama ameridhia. Kisha wewe uhakikishe ndani ya seti kuna picha ya karibu ya msuko, ya mshono kwa ndani na ya lebo. Na kwenye picha za ukurasa wa mauzo usibane gauni kwa vibanio mgongoni, mnunuzi hatakuwa navyo.